Sayari ya Hazina na Watu Wasioaga

Tarehe 27 Novemba 2002, kampuni ya Walt Disney ilifungua katika kumbi za sinema za Marekani filamu ya katuni iitwayo Treasure Planet. Ilikuwa imegharimu takribani dola milioni 140. Mapato yake nchini Marekani hayakufika hata milioni 40, na ukijumlisha dunia nzima yaliishia karibu na milioni 110. Katika biashara ya sinema, ambapo wenye kumbi nao huchukua fungu lao, hilo ni jahazi lililozama na shehena yake yote. Lilizama likiwa na bahati mbaya ya jirani pia: wiki hiyohiyo watoto walikuwa wamepanga foleni kumtazama Harry Potter katika filamu yake ya pili.

Filamu hii iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya katuni bora, ikashindwa na Spirited Away ya Wajapani, kisha ikasahaulika. Watu wa rika langu wanaweza kukuigizia The Lion King kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini ukiwatajia hii wanakuuliza kama ni mpya.

Ninaipenda, na nimechoka kuipenda kimyakimya. Ila sitaitetea kwa michoro yake, ingawa ni mizuri. Nataka kutetea uamuzi mmoja tu ambao waandishi wake waliufanya walipokichukua kitabu cha mwaka 1883 na kukirusha angani. Uamuzi huo unamhusu mtu ambaye hatumsikii akiongea, na ambaye tunachokiona zaidi ni mgongo wake: baba yake Jim Hawkins.

Tuanze na kitabu. Robert Louis Stevenson, Mskoti aliyekuwa akisumbuliwa na mapafu tangu utotoni, alianza kuandika Treasure Island mwaka 1881 akiwa Braemar, nyanda za juu za Scotland. Mvua ilikuwa imewafungia ndani. Yeye na mtoto wake wa kambo, Lloyd, walikuwa wakichezea rangi na karatasi, ikachorwa ramani ya kisiwa ambacho hakipo, na hadithi ikaota juu ya ile ramani. Ilitoka kwanza kipande kwa kipande katika jarida la watoto, kisha ikawa kitabu mwaka 1883. Karibu kila tunachokijua leo kuhusu maharamia, yaani ramani yenye alama ya X, kasuku begani na baharia mwenye mguu mmoja, kilienezwa na kitabu hicho.

Wasomaji wa Kiswahili hawakuchelewa kuipata. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Frederick Johnson, yuleyule aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, alishiriki kuitafsiri, ikaitwa Kisiwa chenye Hazina. Ni katika kundi lilelile la Mashimo ya Mfalme Sulemani na Safari za Gulliver, vitabu vilivyosomwa shuleni na babu zetu. Mimi nilikikuta nikisoma somo la tafsiri katika shahada ya uzamili, miaka mingi baada ya kuiona filamu, na kilichonishangaza ni neno moja la kwenye jina. Mtanzania wa leo akisikia Hazina, anafikiria kwanza ofisi ya serikali inayochelewesha malipo. Nilicheka, kisha nikaenda kutafuta kitabu chenyewe cha Kiingereza, nikakisoma kwa siku tatu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika kitabu, baba yake Jim anakufa.

Anakufa mapema, kwa ugonjwa, katika nyumba ya wageni ambayo yeye na mkewe wanaiendesha kando ya bahari. Jim analia, wanamzika, hadithi inaendelea. Stevenson anamwondoa baba ili kijana awe huru kusafiri. Waandishi wengi wa hadithi za watoto hufanya hivyo, maana mzazi aliye hai huuliza unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Katika filamu, baba hafi. Anaondoka.

Kabla sijaeleza kwa nini jambo hilo ni kubwa, niseme filamu yenyewe ikoje, kwa faida ya asiyeijua. Waongozaji wake, Ron Clements na John Musker, walilipeleka wazo hili kwa wakubwa wa Disney kwa mara ya kwanza mwaka 1985: Treasure Island, ila iwe angani. Walikataliwa. Wakatengeneza The Little Mermaid, wakatengeneza Aladdin, wakatengeneza Hercules, na kila mara walikuwa wakirudi na wazo lilelile kama mtu anayedai deni lake kwa adabu. Walipokubaliwa hatimaye, walijiwekea kanuni ya asilimia 70 kwa 30: sabini za mambo ya kale, thelathini za mambo ya sayansi. Ndiyo maana vyombo vyao vya angani ni majahazi hasa, yenye milingoti, kamba na matanga, ila matanga hayo yananasa mwanga wa jua. Anga yenyewe wameijaza hewa. Mabaharia hawavai kofia za kioo kichwani. Upepo unapeperusha nywele, mabaharia wanapanda mlingotini, na nyangumi wakubwa wanaogelea kati ya nyota. Mtu aliyekulia pwani haoni ugeni wowote hapo. Ni bahari ileile, imehamishiwa juu.

Chombo chao kinaitwa RLS Legacy, herufi tatu za kwanza zikiwa ni za majina ya Stevenson. Nahodha ni mwanamke mwenye asili ya paka, mkali na mwenye ulimi wa wembe. Na jikoni yumo mpishi, John Silver. Katika kitabu ana mguu mmoja na gongo. Katika filamu ni nusu mtu nusu mashine: mkono, mguu na jicho vya upande mmoja ni vya chuma. Mwili wake ulichorwa kwa mkono na Glen Keane, na sehemu za chuma zikatengenezwa kwa kompyuta na Eric Daniels, halafu zikaunganishwa picha kwa picha. Ukitazama Silver akipika, unatazama kazi ya watu wawili wanaojitahidi waonekane mtu mmoja.

Sasa turudi kwa baba.

Katikati ya filamu kuna wimbo, na wimbo ukiimbwa hakuna mazungumzo. Tunaona mambo mawili yakipishana. La kwanza ni Jim wa sasa, kijana wa miaka kumi na mitano hivi, akiwa kazini melini chini ya Silver: anasugua sitaha, anaosha masufuria, anafundishwa kufunga mafundo ya kamba. La pili ni Jim mdogo. Anamletea baba yake kitu alichokitengeneza, baba hana habari naye. Kisha asubuhi moja mtoto anaamka, anashuka ngazi mbio, anamkuta mama ameinama mezani analia, anatoka nje, anakimbia hadi gatini. Chombo kimeshang'oa nanga. Mtoto anabaki amesimama pale mwisho wa mbao.

Niliiona sehemu hiyo nikiwa na miaka tisa, Ngamiani, Tanga, kwenye runinga ya jirani, katika mojawapo ya zile diski zenye filamu kumi na mbili ambazo nusu yake hukwama. Kiingereza sikukijua. Wimbo ulipita kama kelele. Lakini sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori. Niliamka siku moja nikiwa na miaka saba, nikakuta ndara zake hazipo mlangoni. Jim angalau alikimbia. Mimi nilikuwa nimelala, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ningelikuwa macho asingeweza kupita mlangoni. Majirani walimfariji mama kwa ile methali ya watu wa pwani, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: anayezunguka chombo mbele na nyuma mwisho atarudi palepale katikati. Waliisema kwa uhakika mkubwa, kama wanaotaja ratiba ya basi. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, wakaacha kuisema.

Kiswahili kina neno ambalo nimelifikiria sana tangu nilipokisoma kitabu cha Stevenson. Mtu akifa, tunasema ameaga dunia. Maiti tunaiaga pia. Watu hujipanga mstari, wanapita mmoja mmoja mbele ya jeneza. Kwa lugha yetu, kufa ni kuaga. Hata aliyegongwa na gari ghafla, ambaye hakupata nafasi ya kusema neno na mtu yeyote, tunamhesabia kwamba ameaga. Ni ukarimu mkubwa wa lugha. Inamfanyia marehemu adabu ambayo mwenyewe hakuwahi kuifanya.

Aliyeondoka akiwa hai haipati adabu hiyo. Hakuna neno linalomsitiri. Mtoto aliyefiwa ana jina, anaitwa yatima, na yatima ana nafasi yake katika dua za watu na katika futari za mwezi wa Ramadhani. Mtoto aliyeachwa hana jina. Mwalimu akimuuliza baba yako yuko wapi, hana jibu la neno moja. Mimi nilikuwa nasema "yupo safari". Safari hiyo sasa imefika miaka ishirini.

Kwa hiyo baba wa kitabuni aliaga, na baba wa kwenye filamu hakuaga. Ukitazama kwa haraka utadhani ni badiliko dogo, kazi ya waandishi waliotaka kuongeza huzuni. Lakini linageuza kila kitu kinachofuata, hasa mahali pa Silver.

Katika kitabu, Jim anavutwa na Silver kama kijana yeyote anavyovutwa na mtu mzima mcheshi mwenye hadithi nyingi. Hana pengo la kuzibwa. Kwenye filamu pengo lipo, na kila anachomfundisha Silver kinaangukia humo. Ndiyo maana ule wimbo unayapishanisha yale mambo mawili. Picha ya mgongo wa baba inafuatwa na Silver akimkaribisha Jim kwenye mashua ndogo na kumwachia usukani. Kijana anaipitisha mashua katikati ya mkia wa nyota, cheche zikiwarukia, na mzee amekaa nyuma akimwangalia kwa fahari iliyochanganyika na mshangao. Silver ni haramia. Amepanda chombo hiki ili akiteke. Hajapanga kumpenda mtu.

Rafiki yangu tunayesoma naye, mtu makini katika mambo ya tafsiri na uhawilishaji, hakubaliani nami kabisa. Hoja yake ni nzito, na lazima niieleze kwa haki. Anasema Disney wamemwosha Silver. Katika kitabu, Jim akiwa amejificha vichakani, anamwona Silver akimuua baharia aitwaye Tom, mtu mwaminifu aliyekataa kuasi. Anamrushia gongo mgongoni, mtu anaanguka, kisha anamchoma kisu mara mbili. Damu hiyo Jim ameiona kwa macho yake, na bado mpaka mwisho wa kitabu anamkumbuka Silver kwa kitu kinachokaribia mapenzi. Hapo ndipo ukubwa wa Stevenson ulipo: anamlazimisha msomaji ampende muuaji. Kwenye filamu, anayeua ni Scroop, kiumbe mwenye umbo la buibui na kaa, anayekata kamba ya usalama ya Arrow, msaidizi wa nahodha, ili amezwe na shimo jeusi. Silver anakasirika. Mikono yake, ya nyama na ya chuma, imeachwa safi. "Wamekurahisishia," rafiki yangu akaniambia. "Mtu asiyeua si vigumu kumsamehe."

Ni kweli wamerahisisha hapo. Sina la kubisha. Ninachosema ni kwamba ugumu hawakuutupa, waliuhamisha. Kitabu kinauliza: unaweza kumpenda mtu aliyemwaga damu? Filamu inauliza swali lingine, na kwa watoto wengi ninaowajua swali hilo liko karibu zaidi na nyumbani: mtu ambaye ana sifa mbaya, ambaye kila mtu anakwambia usimwamini, na ambaye kweli si wa kuaminiwa, anaweza kuwa ndiye aliyekulea?

Nje ya mgahawa wa mama palikuwa na mwembe, na chini yake alikaa fundi baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, kazi haikumpungukia, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Alikula kwa mama kwa mkopo. Watu walisema aliwahi kufungwa kwa baiskeli za wizi, na mama alinionya nisikae naye sana. Nilikaa. Nilimwita mjomba, yeye akaniita fundi mdogo. Alinifundisha kutafuta pancha: unaijaza tyubu upepo, unaizamisha kwenye beseni la maji, unaizungusha polepole, na mahali penye mapovu ndipo penye tundu. Unakausha, unapiga msasa, unapaka gundi, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea kwa sababu wanabandika kiraka papo hapo. "Subiri," alikuwa akiniambia. "Gundi ikikuambia iko tayari, utaisikia kwa kidole." Sijui kama ni mwizi. Ninajua kwamba nikiwa na miaka kumi nilikuwa naziba pancha za watu wazima, nao walinilipa mimi mkononi, kwa sababu yeye aliwaambia wanilipe mimi.

Kuna wakati kwenye filamu Jim anajificha ndani ya pipa la matunda na kumsikia Silver akiwaambia wenzake kwamba hamjali yule kijana hata kidogo. Silver anasema hivyo kulinda ukubwa wake mbele ya maharamia, lakini Jim hajui. Anachosikia ni mgongo wa pili. Tukio hili limo kwenye kitabu, ni la pipa la tufaha, na pale pia Jim anagundua uasi. Lakini kwenye kitabu anachokigundua ni hatari. Kwenye filamu anagundua hatari na papo hapo anaachwa tena. Hawakubadili pipa. Walibadili baba tu, na pipa likabadilika lenyewe.

Wanafika kwenye sayari. Hazina ipo, milima ya dhahabu katikati ya sayari ambayo yote ni mashine, na yule haramia wa kale aliyeificha ameitega ilipuke akija mtu kuichukua. Kila kitu kinabomoka. Silver ameshika mashua iliyojaa dhahabu kwa mkono mmoja, na Jim ananing'inia ukingoni mwa shimo la moto. Hawezi kumfikia bila kuachia mashua. Amekuwa akiitafuta hazina hii karibu maisha yake yote, ameitolea mkono na mguu. Anaachia.

Tukio hilo ndilo linalotajwa zaidi na wapenzi wa filamu hii. Kwangu lililo kubwa zaidi ni linalofuata baadaye, wakati hatari yote imekwisha.

Katika kitabu, Silver anatoroka. Chombo kimetia nanga katika bandari ya nchi za Waspania za Amerika, Jim na wakubwa wake wameshuka pwani, na wakirudi wanakuta Silver hayupo na mfuko mmoja wa sarafu haupo. Hakumuaga mtu. Stevenson anaandika kana kwamba wote walifurahi kuondokana naye kwa bei nafuu, na kwa mantiki ya kitabu ni sawa.

Kwenye filamu Jim anamfumania chini ya chombo, anafungua kamba za mashua. Silver anajidai alikuwa anakagua tu kama mashua imefungwa vizuri. Jim hasemi kitu. Anaikaza ile kamba kwa fundo alilofundishwa na Silver mwenyewe. Mzee anaangalia lile fundo, anajua amefundisha vizuri kuliko inavyomfaa. Anamwomba kijana amwache, hawezi kufungiwa ndani. Na Jim anamwachia. Silver anamwambia waende pamoja, wawili wao, bila wa kuwaamuru. Jim anakataa kwa upole. Wanakumbatiana. Machozi yanamtoka mzee, anasingizia kwamba grisi imeingia kwenye jicho la chuma. Anamwachia Jim kile kiumbe chake kidogo kinachobadilika maumbo, anamrushia konzi ya dhahabu ya kujengea upya nyumba ya wageni ya mama yake iliyoungua, kisha anaondoka.

Anaondoka. Watu husahau hilo. Filamu haimpi Jim baba wa kukaa naye. Baba aliyemzaa harudi wala hatafutwi, na baba wa pili naye anakwenda zake. Ukihesabu kwa vidole, Jim ameachwa mara mbili. Kinachotofautisha mara ya kwanza na ya pili ni kwamba ya pili aliagwa. Alisimama na mtu anayeondoka, akaambiwa mimi nakwenda, akapewa nafasi ya kukubali au kukataa, akashika mkono. Hadithi ya Stevenson ni ya watu waliopata hazina. Hii ni ya kijana aliyeikosa hazina akapata kuagwa, na waandishi wake wanaamini kwamba amepata kilicho kikubwa zaidi. Pengine ndiyo sababu haikuuza tiketi.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili mjomba fundi alihama, akarudi kwao. Alikuja jioni, amevaa shati la kupiga pasi. Alimwamkia mama kwa heshima ingawa alimzidi umri, akauliza deni lake ni kiasi gani. Akalipa nusu. Nusu iliyobaki akaweka pampu yake ya upepo juu ya meza, ile ya chuma, ya mguu. Halafu akanigeukia.

"Fundi mdogo, nimekuja kuaga."

Nikamwambia haya, mjomba. Sikuwa na neno jingine. Akasema nisome, nisiharakishe gundi, akanipa mkono kama anavyopewa mtu mzima. Alipita barabarani na sanduku lake la spana kichwani mpaka akakata kona. Nililia, ila kilio hicho kilikuwa na mwisho. Kile cha baba kilikuwa bado kinaendelea.

Likizo iliyopita nilimwonyesha mama filamu hii kwenye kompyuta yangu, miaka kumi na saba baada ya mimi kuiona kwa jirani. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na aliniambia mapema kwamba katuni ni mambo ya watoto. Nilimtafsiria pale palipohitaji. Alimpenda nahodha. Alimshuku Silver tangu alipotokea jikoni. Akasema mwanamume anayepika vizuri hivyo lazima anaficha kitu. Wakati wa kuagana alisimamisha mikono juu ya mchele.

"Huyu kaaga," akasema.

Nilitaka kumweleza yote niliyoyaandika hapa, kuhusu Stevenson, kuhusu baba wa kitabuni, kuhusu neno kuaga. Hakunipa nafasi.

"Na mama yake je? Mama yake nani kamuaga?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nimeitazama filamu hii mara nyingi kiasi kwamba najua wapi panapita nyangumi, na sikuwahi kumhesabu Sarah Hawkins kuwa ni mtu aliyeachwa. Nilimhesabu kuwa ni mama. Anahudumia wateja, nyumba yake inaungua, anamruhusu mwanawe asafiri, anabaki. Anaporudishiwa nyumba mpya mwishoni anatabasamu, na kijana wake amevaa sare ya chuo cha unahodha. Filamu iliyotumia dola milioni 140 kumtafutia mtoto mtu wa kumuaga haikuwa na dakika moja ya kumtafutia mama. Na mimi, niliyekuwa nimelala ile asubuhi, nimeishi miaka yote nikiamini kwamba kuondoka kule kulikuwa kwangu peke yangu.

"Rudisha nyuma," mama akasema. "Pale mezani."

Nikarudisha. Mtoto akashuka ngazi, akampita mama yake aliyeinama mezani, akatoka mbio kuelekea gatini. Kamera ikamfuata mtoto. Mama akaniambia nirudishe tena, nikarudisha, nikaisimamisha picha pale anapoonekana yule mwanamke na meza yake. Aliiangalia kwa muda. Kisha akauvuta ungo karibu, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.